Jina Litakalosomwa Jumamosi

Shari, alasiri

Mwanangu Maseli,

Umekwenda Ngezi kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakaanga karanga utakazobeba. Nina kama saa mbili kabla hujarudi. Sitaandika juu ya chandarua, wala juu ya maji ya kunywa, wala juu ya kutomwamini kila mtu atakayejiita mjomba wako huko Kinshasa. Mama yako amekwisha kukuambia hayo yote, na asubuhi atayarudia. Nitakupa karatasi hizi baada ya chakula. Zisome hapa hapa nyumbani, usingoje uwe ndani ya ndege.

Naanza na Jumanne, kwa sababu tangu Jumanne mimi na wewe tunasalimiana tu.

Yule mwandishi wa redio alikuja saa nne asubuhi, binti mpole, kifaa chake cha kurekodi amekifunga kwenye kitambaa kisinyeshewe. Alikuwa ametumwa kutengeneza kipindi kifupi juu ya kila mmoja wa wasichana watatu waliobaki kwenye tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa nchi nzima. Kipindi kitapigwa Jumamosi, kabla ya jina moja kusomwa ukumbini huko Kinshasa. Wewe ulikuwa umekwisha kujibu maswali yako, ukaenda kuleta soda. Akanigeukia mimi.

“Papa Afoyo, wakati alikuwa mutoto, alikuwa wa namna gani?”

Ningeweza kumwambia mengi juu yako. Ningemwambia jinsi ulivyokuwa unapiga mpira wa matambara kwenye mabati ya depo ya samaki mpaka mwenye depo anatoka na fagio. Ningemwambia juu ya kidole chako kikubwa cha mguu wa kulia, kilichopoteza ukucha mara mbili kwa mwaka mmoja. Nayakumbuka yote. Lakini alikuwa amesema Afoyo, na mdomo wangu ukaenda huko.

“Alikuwa anaogopa mbwa,” nilisema. “Mbwa akipita, anaingia nyuma ya mama yake. Na akimenya karanga, hakuli palepale. Anapanga kwanza maganda kwa mustari, kisha njo anakula. Na hawezi kulala bila kushika sikio ya dada yake.”

Yule binti akacheka. “Kumbe alikuwa na dada. Iko wapi sasa?”

Wewe ulikuwa umefika mlangoni na sinia. Nilikuona. Nilikuwa na nafasi ya kusema anaishi mbali, ameolewa, yuko Mahagi, chochote.

“Alikufa,” nilisema.

“Aliitwa nani?”

“Marcelline,” nilisema, jina lako la ubatizo.

Akaniambia pole. Kisha akakugeukia, akakuambia na wewe pole kwa kupoteza dada. Ukasema asante. Ukaweka soda mezani, ukafungua ya mgeni kwanza, kama mama yako alivyokufundisha, ukatoka. Hukumwaga hata tone.

Niliwahi kumzika mtoto mmoja na nikadhani nimemaliza kazi hiyo. Jumanne nilimzika wa pili, akiwa amesimama mbele yangu na sinia mkononi.

Hukunilaumu. Ungenilaumu ningejua pa kuanzia. Kwa hiyo naanzia mwanzo kabisa. Sehemu ya haya unayajua, kwa sababu uliyaona ukiwa na miaka kumi na minne. Nataka uyajue jinsi yalivyokuwa kwa upande wangu.

Tangu siku uliyozaliwa, mimi niliitwa Papa Maseli. Ndivyo ilivyo kwetu, mzazi anachukua jina la mtoto wa kwanza, na mimi nililichukua kwa furaha. Kwenye depo, wanawake walioleta samaki kutoka ziwani waliniita hivyo hivyo hata wale wasiokufahamu. Sikusoma sana, unajua, lakini nilikuwa na mwandiko mzuri. Kwa sababu ya mwandiko huo nilipewa kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka, na kwa sababu ya mwandiko huo huo kochi Gervais alinifanya mwandishi wa timu ya Mapambazuko, timu yenu ya wasichana.

Unamkumbuka Gervais wa wakati ule, pikipiki ya abiria asubuhi, filimbi jioni. Mtu akimuuliza timu ina mipira mingapi, anajibu, “Tuko na mipira mbili. Moja iko inacheza, ingine iko hospitali.” Alikuwa mtu mwema. Sitaki usome barua hii ukadhani natafuta mwingine wa kumtupia.

Kazi ya mwandishi wa timu ilikuwa kujaza lisanse, kadi za kuruhusu wachezaji kucheza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, jina la baba, picha inabandikwa pembeni. Na kila mwandishi wa timu katika mji huu alijua namna ya kupunguza miaka. Mtoto wa miaka kumi na sita anaandikwa kumi na nne ili apate kucheza na wadogo, aonekane ana nguvu kuliko wenzake, na wakubwa wa juu wamwone angali na muda mrefu mbele yake. Hatukuita hiyo uongo. Tulisema tunamsaidia mtoto. Nilisaidia watoto wa watu wengi kwa kalamu yangu, na wazazi wao walikuja kunishukuru na kuku.

Kisha wakubwa wakaamka. Wakasema kalamu haitoshi tena, kila lisanse iletwe pamoja na buletini ya masomo, ile ripoti ya shule. Tangu hapo ikawa lazima kuwe na mtoto wa kweli, mdogo wa kweli, ambaye karatasi zake zinaweza kuazimwa. Ndugu wakaanza kucheza kwa majina ya ndugu zao. Wewe uliwajua wawili katika timu yako mwenyewe.

Mdogo wako alikuwa amekufa miezi minne iliyotangulia. Afoyorwoth, jina alilopewa na mama yako kumshukuru Mungu baada ya uzazi mgumu, na sisi tukalikata likabaki Afoyo. Malaria, siku tatu, damu ikaisha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakupenda mpira hata kidogo. Alikuwa anakuja uwanjani kwa ajili ya kushika ndara zako, na mpira ukimkaribia alikuwa anakimbia nazo.

Gervais alikuja siku ya Alhamisi. Karatasi za tournoi, yale mashindano ya watoto, zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Alikataa kiti, akakaa kwenye kigoda cha mama yako.

“Papa Maseli, mwaka huu bila buletini mutoto hachezi.”

“Maseli iko na kumi na ine. Amepita miaka ya tournoi.”

“Najua amepita. Lakini bila yeye tutakula tano, na wale watu ya Bogoro watatucheka mpaka Noeli.” Alikuwa anaangalia funguo za pikipiki. “Papa, ya mudogo yake… buletini iko?”

Niliangalia mlango wa chumba chetu.

“Ni tournoi moja tu. Siku tatu. Kisha tunachana karatasi, weye na mimi.”

Buletini ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro letu. Niliitoa, nikasoma alichoandika mwalimu wake, kwamba ni mtulivu na anaweza kuongeza bidii. Nikabandika picha yako. Mnafanana paji la uso. Kisha nikaanza kuandika jina lake kwenye lisanse, herufi moja moja, na hapa, Maseli, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mkono wangu ulifurahi. Miezi minne sikuwa nimepata sababu ya kuandika jina lile, isipokuwa msalabani. Sasa niliandika jina, na mbele yake nikaandika shule, na darasa la mwaka unaokuja, kama mtoto anayeendelea. Niliandika polepole kuliko nilivyowaandikia watoto wengine.

Mama yako aliona karatasi mezani.

“Umeazimisha jina ya mutoto yangu bila kuniuliza.”

“Ni siku tatu.”

“Na Maseli, hizo siku tatu, ataitwa nani?”

Nilidhani ni swali la mtu mwenye hasira. Lilikuwa swali tu, na mpaka leo halijapata jibu.

Siku ya fainali mama yako alikuja uwanjani na beseni la maandazi. Ulifunga bao la kwanza, na kochi na wale wasichana kwenye benchi wakapiga kelele “Afoyo, Afoyo”, kama walivyokuwa wamefundishwa kwa siku tatu, kisha watu wote wa ule upande wakapokea. Mama yako alijitwika beseni lililojaa maandazi, akaondoka. Ulifunga mengine matatu ambayo hakuyaona. Ni miaka tisa sasa, na hajarudi uwanjani. Wewe umeishi ukidhani mama hapendi mpira. Kila Jumapili ananiuliza, kwa sauti ndogo, kama Maseli hakuumia.

Karatasi hazikuchanwa. Mtu wa timu ya jimbo alikuwa amekuandika kwenye daftari lake, na lisanse ikapanda, na ikishapanda haishuki. Gervais alisema tutarekebisha msimu ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine. Ukaitwa kwenye timu ya jimbo kwa jina lile, ukapewa kadi kwa jina lile, ukatia sahihi kwa jina lile. Shuleni ulibaki Marcelline, ukapata diploma yako ya serikali kama Marcelline. Uwanjani Marcelline hakuwepo.

Na mimi nikaanza kuitwa Papa Afoyo.

Mara ya kwanza ilikuwa sokoni, mwanamume nisiyemjua, kutoka upande wa pili wa njia. “Papa Afoyo, binti yako njo mupira yenyewe.” Nilisimama katikati ya watu, na samaki mkononi. Kwa nusu dakika, labda chini ya hapo, nilikuwa na binti huyo. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Baadaye nikawa napita njia ile bila kuwa na cha kununua.

Kisha redio. Ukiwa Kisangani, ukiwa Lubumbashi, sikuweza kukufuata, kwa hiyo nilisikiliza. Mtangazaji anasema Afoyo anapokea, Afoyo anageuka, Afoyo ana miaka kumi na sita tu, jamani, Afoyo ana miaka kumi na tisa na tazama alivyopevuka. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayepokea habari za mtoto aliye masomoni mbali. Nilijua ni wewe. Nilijua kila mara. Lakini kulikuwa na chumba kidogo ndani yangu ambamo sikujua, na nilikuwa napenda kukaa humo. Mle ndani Afoyo alikuwa anakua, hajafa. Ulipokuwa unarudi nyumbani na begi lako, na kovu jipya gotini, nilikuwa nahitaji dakika chache kabla ya kukukaribisha vizuri. Ulikuwa unadhani nimechoka. Nilikuwa natoka mle chumbani.

Hili ndilo kosa langu. Karatasi ni jambo dogo, wengi walifanya. Kosa langu ni kwamba nililipenda.

Unakumbuka siku ya keki. Wenzako wa timu walitazama tarehe kwenye kadi yako, wakakungojea baada ya mazoezi, wakakumwagia ndoo za maji na unga kama wanavyofanya kwa mtu mwenye siku yake ya kuzaliwa. Ulifika hapa nywele zote nyeupe, na nusu ya keki ndani ya sahani iliyofunikwa na nyingine.

“Ni nini?” mama yako akauliza.

“Anniversaire, mama.”

“Ya nani?”

Alikuwa anajua tarehe kuliko sisi sote. Alikwenda akachemsha maji, akakukalisha uani, akakutoa unga kichwani kwa vidole, muda mrefu. Kisha akala kipande kimoja cha keki akiwa amesimama. Akasema, “Angekuwa kumi na saba.” Mimi nilikuwa nimekwisha kula vipande viwili. Niliviona vitamu. Nakuambia ukweli jinsi ulivyo.

Na miaka miwili iliyopita wewe mwenyewe ulikuja. Nilikuwa natengeneza mguu wa meza. Ulikaa chini, ukashika ule mguu ili usicheze, ukaniambia:

“Papa, nataka turudishe jina yangu.”

“Juu ya nini sasa?”

“Nimechoka. Watu wakiniita, nahesabu kwanza moja, mbili, njo nageuka. Hata leo. Kochi iko anafikiri sisikii vizuri.”

Nilikuambia hatari. Nilikuambia utafungiwa, timu itapokonywa pointi, wenzako watakuchukia, Gervais atapata aibu na ana watoto. Nilikuambia subiri mpaka ukae imara. Kila nilichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana ulinisikiliza. Ulisema “Sawa, papa,” ukaendelea kushika mguu wa meza mpaka nikamaliza kupiga misumari. Lakini hakuna hata sababu moja kati ya zile iliyokuwa sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba ungerudisha jina, na redio ingenyamaza, na mtoto yule angekufa tena, safari hii kwa ruhusa yangu.

Nilikunyima jina lako ili mimi nisije kufiwa mara ya pili. Sina namna laini ya kuiandika.

Sasa umefika hapa. Wasichana watatu, na redio zote zinasema wewe ndiye. Na mimi nasema hivyo pia, ingawa mimi si mwamuzi mzuri. Mabao yote ni yako. Hakuna karatasi iliyokufungia hata moja, na mimi niliyeona ukucha wako ukitoka mara mbili ninajua yalianzia wapi. Lakini wakisoma jina Jumamosi, watasoma la mtoto aliyekuwa anaukimbia mpira na ndara zako mkononi. Litachongwa kwenye kikombe. Na wakishakuandika tena kwa tuzo hiyo, na ile timu ya nje inayokutaka ikakutengenezea pasipoti, utakuwa mzee kwa jina hilo. Una miaka ishirini na mitatu na karatasi zako zinasema ishirini na mmoja. Hiyo miwili si kitu. Lakini ukiolewa utaolewa kwa jina lipi. Mtoto wako wa kwanza, ukimpa jina la mdogo wako kama wengi wanavyofanya, utampaje jina ambalo wewe mwenyewe unalitumia.

Nilikwenda kumuuliza mzee mmoja aliyekaa sana katika mambo ya mpira hapa mjini na sasa amepumzika. Sikumtajia mtu. Nilisema, mchezaji akijitokeza mwenyewe, inakuwaje.

“Inategemea na wale wanakaa ku meza siku hiyo,” alisema. “Iko mwenye walifungia mwaka. Iko mwenye walifungia miwili. Ingine walimuachilia, juu alikuja yeye mwenyewe, hawakumukamata.”

“Na tuzo?”

Akaniangalia sana. “Papa Afoyo,” alisema, “tuzo inaenda kwa mwingine.”

Sasa unajua nilichojua mimi. Sina zaidi.

Ndani ya begi lako, katika ule mfuko wa pembeni, kuna bahasha ya kahawia. Sikuigundisha. Ndani nimeandika ukurasa mmoja na nusu, kwamba mimi, baba yako, mwandishi wa timu ya Mapambazuko, nilijaza lisanse yako kwa jina la marehemu mdogo wako, kwamba ulikuwa mtoto na hukuulizwa, na kwamba ulipokuwa mtu mzima uliomba kurekebisha na mimi nikakukataza. Kochi sikumtaja. Nimetia sahihi. Nimeweka kadi yako ya ubatizo, kopi ya diploma yako, na ile karatasi ya hospitali yenye tarehe aliyokufa Afoyo. Mama yako alinikuta natafuta kadi ya ubatizo, nikamwambia ya nini. Akasema, “Umechelewa sana. Andika tu.” Akaniletea kalamu nyingine, kwa sababu yangu ilikuwa inakwaruza.

Unaweza kuipeleka kwa wakubwa wa mpira kabla ya Jumamosi. Unaweza kuipeleka baada ya Jumamosi, wakati kikombe kiko mkononi mwako, na hata mimi naelewa mtu anaweza kutaka kukishika usiku mmoja kwanza. Unaweza kuichoma, ukaishi na jina ulilozoea, wengi wanaishi hivyo na wanalala vizuri. Mimi sina nakala. Sitapiga simu kuuliza. Nilikuamulia mara mbili, ukiwa na kumi na minne na ukiwa na ishirini na mmoja, na mara zote mbili nilikuwa natafuta kitu changu. Ya tatu ni yako, na ukikosea, kosa liwe lako pia. Hilo nalo ni sehemu ya kuwa mtu mwenye jina.

Kama nina neno la kukupa njiani ni dogo. Watu watakuja kwako na jambo la siku tatu. Hawatakuwa watu wabaya. Watakaa kwenye kigoda, wataangalia funguo zao, watasema ni mara moja tu. Usiwaangalie wao. Jiangalie wewe mkono wako unafanya nini. Wangu ulikuwa unafurahi, na kama ningeuangalia vizuri siku ile ningejua kuna kitu hakiko sawa.

La pili ni juu ya kufiwa, maana siku moja utafiwa, na mimi na mama yako tunatumaini tutakuwa sisi kwanza. Usimtafutie marehemu kazi ya kufanya. Nilimpa mdogo wako kazi, miaka tisa, bila siku ya mapumziko, na kazi yenyewe alikuwa haipendi.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, nilikwenda makaburini. Hujui jambo hili. Mvua zilifuta jina kwenye msalaba wake mwaka ule ule wa kwanza, na sikulirudisha. Nilimwambia mama yako rangi ni ghali. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu wa timu nyingine asije kupita, akasoma, akakuwekea malalamiko. Kwa hiyo mtoto amelala pale miaka yote hii chini ya mbao mbili tupu, kwa sababu jina lake lilikuwa uwanjani. Nilichukua kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo. Niliandika jina lote, Afoyorwoth, na mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Mwandiko wangu umeharibika kidogo, herufi za mwisho zimepanda juu. Lakini linasomeka kutoka njiani. Atakayepita asome. Kama hilo litakuletea taabu, nisamehe, na sema ni mimi. Nilikaa pale mpaka rangi ikakauka, na kwa mara ya kwanza nililia kama mtu aliyefiwa, si kama mtu anayengoja habari.

Nasikia mama yako anazungumza na wewe langoni, umerudi. Anakuambia viatu vina tope. Nimalize.

Kesho uwanja wa ndege watakuja watu wa timu, na Gervais, na labda yule binti wa redio. Watakuwa wanaita Afoyo kama kawaida, na utawaitikia, hakuna ubaya. Miaka tisa, mbele ya watu, na mimi nimekuwa nakuita hivyo. Kesho sitakuita hivyo. Ukishapita pale wanapokagua mizigo, kabla hujaingia ndani, nitakuita Maseli, kwa sauti ya kutosha. Watu watadhani ni jina la nyumbani, hawatajali. Usihesabu moja, mbili. Geuka kama unataka kugeuka. Usipotaka, endelea na safari yako, na mimi nitakaa pale pale mpaka ndege iondoke.

Mimi,
Papa Maseli